Tovuti Tuliyoipanga Nyuma ya Geti

Yunisi, mama,

Mama yako amekupeleka sokoni kutafuta blanketi, ingawa nilimwambia Mpanda hakuna baridi ya kuhitaji blanketi zito kiasi hicho. Bibi yako amelala. Nyumba ni yangu mpaka mrudi au mpaka aamke, na jua bado liko juu ya paa la jirani, kwa hiyo nimeketi kwenye meza ya kulia chakula na kalamu.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameshakuambia ukae upande gani wa basi, usile nini njiani na simu uifiche wapi, na akirudi atakuambia tena. Mimi nataka kukuandikia mambo ya kipindi hiki tulichokaa humu ndani, wewe, mimi na bibi yako. Wewe umeyaona kwa upande wako, mimi kwa upande wangu, na hatujawahi kukaa tukayalinganisha. Kesho asubuhi hapatakuwa na nafasi. Kesho tutakuwa tunatafuta kiatu kimoja na kuulizana tiketi iko wapi.

Nilipostaafu ualimu nilikuwa na mipango mingi kichwani. Nilikuwa nimefundisha historia maisha yangu yote kwa vitabu vilivyoandikwa na watu wasioijua hata harufu ya vumbi letu, na nilijiambia sasa nitatembea. Nitakwenda Kolo nikaiangalie michoro ya mapangoni bila kundi la wanafunzi wa kuhesabu. Nitapanda milima ya Kibakwe. Nitakaa na wazee, nitawauliza, nitaandika. Mama yako alinishonea hata mkoba wa turubai.

Halafu tukapigiwa simu kutoka Bahi kwamba jiko la bibi yako limeungua. Alikuwa ameweka chungu cha maharage motoni, akatoka, akasahau kama ana chungu, na akasahau kama ana jiko. Nilimfuata siku hiyo hiyo, nikamleta hapa Dodoma. Alikuja amekasirika, kibegi chake mapajani, akiniambia njia nzima, "Elia, nakuja kutembea tu. Jumapili unanirudisha."

Hukuwepo wiki ile ya kwanza, ulikuwa bado chuoni, kwa hiyo hukuona alivyotutoroka. Mara ya kwanza alikutwa kanisani, tukacheka. Mara ya pili alikutwa kwenye barabara kuu, katikati ya malori, anatembea kuelekea magharibi bila viatu. Aliyemwokoa ni dereva aliyesimamisha lori, akashuka akamshika mkono. Nilipomfikia alikuwa anamgombeza yule dereva kwa Kigogo kwa sababu amemchelewesha.

Jioni ile nikanunua kufuli.

Nilijiambia ni la usiku tu. Kisha likawa la usiku na asubuhi mama yako anapokwenda kuuza vitenge vyake, kisha likawa la siku nzima. Funguo nikaivaa shingoni kwa kamba. Tulileta dada wa kazi, akaondoka, tukaleta mwingine, naye akaondoka. Yule wa pili aliniambia, "Mwalimu, kazi siikatai, lakini bibi ananiomba nimfungulie mpaka mimi mwenyewe nalia." Baba yako mdogo wa Kibakwe alimchukua kwa muda mfupi, akamrudisha amechoka yeye kuliko mama.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kwamba ukimfungia mtu, lazima ukae naye ndani. Nilikuwa nimeufunga mlango wa mama yangu na wangu pia. Misa nilikwenda kwa zamu na mama yako. Misiba ya wenzangu niliitumia salamu. Nyanya nilinunua kwa kupitisha mkono kwenye nondo za geti, na yule mchuuzi kijana alikuwa ananitania, "Vipi mwalimu, na leo funguo imepotea?" Nilikuwa nacheka naye. Akipita, nilibaki nimesimama pale nikiwasikiliza wanafunzi wanaotoka shule, sauti zao zikikata kona ya mtaa wetu wa Makole na kupotea, na nilihisi kama mtu aliye ndani ya pipa.

Hivyo ndivyo ulivyonikuta uliporudi na stashahada yako ya maabara, unasubiri ajira. Ulinikuta nagombana na televisheni. Mtangazaji alikuwa amesema jambo kuhusu historia ya Dodoma, nikawa namjibu kwa sauti, na bibi yako kwenye kochi ananiunga mkono bila kujua tunagombana na nani. Ukasimama mlangoni ukatutazama wote wawili. Ukasema, "Baba, kwa nini usitengeneze tovuti? Yale uliyokuwa unawafundisha, uyaweke mtandaoni. Watoto wasome."

"Mimi sijui hata kufungua barua pepe bila wewe."

"Na mimi sijui kutengeneza tovuti. Tutajifunza."

Sidhani kama uliona kilichonipata. Ilikuwa kama mtu amesukuma dirisha ambalo nilidhani limepigiliwa misumari.

Nililivamia jambo hilo vibaya. Nilikutuma karatasi za manila, nikazibandika ukutani sebuleni kuanzia mlangoni mpaka dirishani, nikaanza kuandika vichwa kwa kalamu nyekundu. Binadamu wa kale. Michoro ya Kondoa. Wagogo walitoka wapi. Warangi walitoka wapi. Misafara ya pembe za ndovu. Wajerumani. Reli. Njaa. Vijiji vya ujamaa. Makao makuu. Kila kichwa nikakitolea vidole, na kila kidole kikaota vidole vyake. Mama yako aliporudi sokoni aliuliza kama tunafungua shule. Nikamwambia ndiyo, na kila mtu Tanzania atasoma humo.

Ukaniacha niandike mpaka kalamu ikakauka. Halafu ukauliza swali lile.

"Baba, nani atasoma?"

"Wanafunzi."

"Yupi?"

Nilikukasirikia, Yunisi. Nilikuwa nimefundisha maelfu, na wewe unaniuliza yupi. Lakini nilipotaka kukujibu sikuona uso hata mmoja. Niliona madawati tu. Wewe ndiye uliyemtaja Zaituni, binti wa jirani yetu Mrangi, yupo kidato cha pili, anasoma kwa simu ya mama yake baada ya mama kumaliza kuitumia, na bando ikiisha kusoma nako kumekwisha. Ukasema, "Tumtengenezee yeye. Akielewa yeye, wengine watakuja."

Nikazibandua zile manila. Nilizibandua polepole kwa sababu ya rangi ya ukuta, na kwa sababu ziliniuma.

Kwa ajili ya Zaituni kila kitu kilibidi kipungue. Ukurasa uwe mwepisi ufunguke kwenye simu ya zamani. Kila ukurasa uwe na swali moja ambalo mtoto anaweza kuliuliza kweli, kisha jibu fupi, kisha tumelijuaje, kisha yale tusiyoyajua. Hilo la mwisho ulilidai wewe. Mimi sikuwahi kumwambia mwanafunzi "sijui" mbele ya darasa, na nilidhani mwalimu akisema hivyo amevua nguo. Ulinijibu kwamba maabarani, kipimo kisichosoma vizuri unaandika hakijasoma vizuri, huandiki ulichotarajia. Nilikuwa nakujivunia na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Sikuacha kukosea. Nilipoteza wiki nzima nikichagua rangi ya kichwa cha ukurasa wakati ukurasa wenyewe hauna neno. Jina la tovuti nililibadilisha mpaka ukaniambia ukisikia jina jingine utahama nyumba. Nikachukua picha nzuri ya treni ya zamani kutoka mtandaoni, ukaniuliza ni ya nani, nikasema ya mtandao. Ukaniambia mtandao haupigi picha. Nikaiondoa. Na maandishi yangu ya kwanza yalikuwa ya kuchosha, ulipomsomea bibi yako kwa sauti alilala, nasi tukacheka mpaka akaamka.

Nakwambia haya kwa sababu unakwenda kuanza kazi usiyoijua mahali usipopajua, na siku za kwanza utabandika manila zako ukutani. Zibandike. Lakini akitokea mtu akakuuliza "yupi," usikasirike kwa muda mrefu kama mimi.

Sasa nifike kwenye siku ile ya Bahi.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha vizuri. Muuza maji alikuja na mkokoteni, nikafungua geti aingize madumu, na wewe ukaniita nije nione kitu kwenye simu yako. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yetu kuonekana kwenye simu kama ukurasa wa tovuti. Tuliinamia kile kioo kidogo kama watu wanaoota moto. Muuza maji akamaliza, akaaga, tukaitikia bila kugeuka. Tulipogeuka, kochi la bibi lilikuwa tupu.

Nilikupigia kelele. Nilisema maneno ambayo nilikuomba radhi siku ile ile, na ukanisamehe, sitayarudia. Vijana wa bodaboda pale kona ndio waliotuambia. Bibi alikuja ametulia, kitenge kimefungwa vizuri, akamwambia mmoja wao ampeleke stendi anakwenda kwao. Hela ya sadaka aliyopewa na mama yako ilikuwa kwenye pindo. "Aliongea kama mtu mwenye akili zake, mzee," yule kijana akaniambia. "Ningemkataliaje?"

Unakumbuka njia ile ya kwenda Bahi. Mimi siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba ulikuwa umenishika kiwiko na kwamba nilikuwa naangalia kila mfereji wenye maji. Tuliposhuka tukauliza, tukaelekezwa, tukachukua bodaboda tena mpaka ilipokwama kwenye tope, tukamalizia kwa miguu juu ya kingo za majaruba ya mpunga.

Tukamwona. Alikuwa katikati ya jaruba na wanawake wengine, kitenge kimepandishwa magotini, maji yanamfika kwenye mashavu ya miguu, anapandikiza mpunga. Anapinda mgongo, anachomeka mche, anapiga hatua. Mstari wake ulikuwa umepinda kama njia ya nyoka, na mwanamke mmoja alikuwa anamfuata nyuma anaunyoosha bila kumwambia. Bibi yako alikuwa anacheka. Yunisi, tangu nimlete mjini sikuwa nimesikia kicheko kile. Nilikuwa nimekisahau kama kipo.

Uliwaamkia wale mama shikamoo, nami nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Waliitikia. Lakini yule aliyekuwa nyuma ya bibi, Mama Semeni, mwenye jaruba, alinyooka na mikono yake ya tope akanitazama.

"Wewe ndiye mwanawe?"

"Ndiyo mimi."

"Ndiye unayemfungia?"

Wewe ukajaribu kunisaidia: "Mama, bibi anapotea. Aliwahi kukutwa barabarani kati ya malori."

"Najua anapotea. Ametuambia mara nyingi tangu afike kwamba mumewe anakuja kumchukua, na mumewe tulimzika zamani. Tunaona." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Lakini ametuambia pia kwamba ana geti lenye kufuli na mwanawe anavaa funguo shingoni. Hilo tukadhani ni la kupotea pia." Akaiangalia ile kamba shingoni mwangu.

Nilikuwa nimesahau kuivua.

Sikuwahi kuaibika hivyo, mbele ya mwanangu, kwenye tope, wanawake wote wamesimama na miche mikononi. Na jambo gumu ni kwamba sikuwa na kosa la kukiri pale na kulimaliza. Ningevua ile funguo nikaitupa kwenye maji, kesho yake mama yangu angekuwa chini ya lori. Ningeivaa, ningebaki yule anayemfungia. Mama Semeni alilijua hilo, nadhani, kwa sababu hakuendelea kunigombeza. Alisema tu, "Basi vua viatu. Mpaka tumalize hili jaruba hatoki."

Tukavua. Ulipanda vibaya kuliko bibi yako.

Tulipopumzika kingoni, bibi alinyoosha kidole kwenye bwawa, mbali, mahali penye maji na matete. "Pale ndipo kwetu palikuwa," akasema. Mzee mmoja mwanamke aliyekuwa nasi akakataa: "Si pale, dada. Kwenu kulikuwa kule chini ya mwinuko, maji yalipokuja mkapanda juu." Bibi akakasirika. Wakabishana, mmoja anataja mti, mwingine anataja kaburi, na mimi nikasahau aibu yangu. Nikauliza maji yalikuja lini, walihama usiku au mchana, walibeba nini kwanza. Walinijibu wote wawili kwa wakati mmoja. Bibi akasema walibeba mbegu kwanza, kisha watoto. Yule mwingine akasema watoto kwanza. Wakatazamana, wakaangua kicheko.

Nilikuwa nimeishi na mama yangu nyumba moja, nikimpa dawa na kumzuia asitoke, huku natafuta historia ya uwanda huu kwenye kompyuta. Sikuwa nimemuuliza hata kitu kimoja. Nilimwona kama mtu wa kulindwa tu.

Tulirudi jioni, naye akalala begani kwako njia nzima. Na ukurasa wetu wa kwanza wa kweli ulitoka pale: Kwa nini watu wa Bahi walihamisha nyumba zao? Tuliandika masimulizi yote mawili, lile la mwinuko na lile la bwawani. Nilirudi Bahi mama yako alipokaa zamu nyumbani, nikawauliza wengine ili yasiwe ya mtu mmoja ambaye kumbukumbu yake inavuja. Wengine waliunga mkono hili, wengine lile. Chini tukaandika kwamba hatujui lipi ni sahihi.

Nilitaka kuweka picha ya bibi. Ile uliyompiga akiwa kwenye maji. Ukaniuliza, "Amekubali?" Nikasema ni mama yangu. Ukarudia, "Amekubali?" Tukamuuliza, akakubali, akafurahi. Ukasema tumuulize tena kesho, kwa kuwa leo atasahau. Kesho yake tukamuuliza, tukamwonyesha ile picha. Aliitazama sana. Akasema, "Hapana, Elia. Watu wakiniona watajua ndiye yule mama anayefungiwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mtu analijua.

Picha hatukuiweka. Jina lake pia tulilitoa. Siku hiyo niliingia chumbani nikafunga mlango, na wewe ukabisha, nami nikakwambia nina mafua.

Tulichobadilisha unakijua, ni kidogo. Alasiri geti linakuwa wazi, nami nakaa nje kwenye kigoda, na bibi anatoka akitaka, nami namfuata nyuma kwa mbali. Siku nyingine anafika kanisani, siku nyingine anageuka kwenye duka la kona na kuniuliza mimi ni nani na kwa nini namfuata. Mama yake Zaituni anakaa naye siku za mimi kwenda misa. Asubuhi na usiku kufuli lipo. Sijapata njia nyingine, na sitaki uende ukidhani baba yako amelitatua hili. Sijalitatua.

Kwa hiyo barua yako ya ajira ilipofika nilikuwa mtu wa namna gani? Nilikuwa mtu aliyepata dirisha moja, na dirisha lenyewe ulikuwa wewe.

Ulikuja na barua kwenye simu mkononi, unaruka. Ukasema Mpanda, hospitali, maabara. Mama yako akapiga kigelegele jirani wakatoka. Mimi nikasema hongera, kisha nikasema, "Na tovuti je?"

Ulijaribu kutabasamu. "Tutaendelea kwa simu, baba."

"Kwa simu haiwezekani. Mimi sijui kupandisha hata picha. Na bibi? Mama yako yupo sokoni siku nzima. Si wangekupangia hapa hapa Dodoma? Hospitali si zipo hapa?"

Niliona uso wako unavyozimika. Ukasema taratibu, "Naweza kuomba waniahirishie. Au nisubiri nafasi nyingine."

Nami sikusema hapana. Hilo ndilo nataka ulijue nililijua wakati ule ule. Nilikusikia unajitoa, na moyo wangu ukafurahi.

Ulikwenda kulala. Mama yako alikuwa anakunja vitenge vya kesho. Alimaliza kukunja kimoja, akakiweka juu ya vingine, akanipapasa kwa macho kutoka kichwani mpaka kwenye ile kamba ya shingoni.

"Mama yako unamfungia kwa sababu anapotea," akasema. "Huyu unamfungia kwa sababu gani? Huyu anajua njia."

Nikamwambia sijamfungia mtu, nimeuliza tu.

"Umeuliza kwa sauti ya mgonjwa, Elia. Mtoto akikusikia hivyo anabaki. Atabaki mwaka huu, atabaki mwaka ujao, kisha atakuwa na miaka yangu na funguo shingoni, anakulinda wewe usiende barabarani." Akachukua kitenge kingine. "Mimi nitapunguza siku za sokoni. Nimeshaongea na mwenzangu wa meza. Mwache mtoto."

Asubuhi nikakuita uani nikakwambia uende. Ulidhani ni mama yako amenilazimisha, na ni kweli. Lakini si yote. Usiku ule nilijiuliza ingekuwaje kama mimi, nilipokuwa na umri wako, ningeambiwa nikae Bahi nilinde mpunga wa baba. Mama yangu, huyu aliyelala chumba cha pili, ndiye aliyeuza mbuzi wake nikaenda chuo cha ualimu. Alikuwa na sababu zote za kunizuia. Baba alikuwa ameshakuwa mgonjwa. Alinisindikiza mpaka kituo cha treni akageuka kabla treni haijaondoka, nami nilidhani ana haraka ya kazi. Sasa nadhani hakutaka nione uso wake. Wala hajawahi kunidai kwa hilo, na sasa hata akitaka kunidai hawezi tena, ameshalisahau.

Wewe ukumbuke hilo siku nikizeeka na kuanza kukudai. Nitajaribu. Nitapiga simu nikiwa na sauti ya mgonjwa, nitasema kompyuta imekataa, nitasema bibi amekuulizia mara nyingi wakati amekuulizia mara moja. Ukisikia sauti hiyo, mpigie mama yako kwanza umuulize hali halisi. Ikiwa kweli nyumba inaungua, njoo. Kama ni baba yako tu amechoka na kuta, niambie habari za Mpanda, unielezee watu wanakula nini huko na wanaamkianaje, mpaka nitulie.

Tovuti usiibebe. Nimejifunza kupandisha ukurasa. Ule wa tatu niliupandisha mwenyewe juzi mlipokwenda kanisani, picha ya reli ikatokea imelala ubavu, na Zaituni akaja kunigongea getini kuniuliza kama treni ilianguka. Akauliza pia swali ambalo sikulijua jibu: zamani, kabla ya magari na simu, bibi zao wa Kondoa walikuwa wanawapataje ndugu zao waliohamia huku? Nikamwambia sijui. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu, mbele ya mwanafunzi. Akasema basi atamuuliza bibi yake. Nadhani huo ndio utakuwa ukurasa wa nne, na utakuwa wake.

Nitakuwa nimefungwa humu bado, Yunisi. Sitakuandikia kwamba nimekuwa huru kwa sababu ya kurasa tatu. Kuna jioni upepo wa Dodoma unapiga mabati, bibi ananiomba nimfungulie, na funguo iko shingoni mwangu. Lakini ni mimi niliyebaki, na kubaki kwangu kuna sababu ninayoijua na inayopumua chumba cha pili. Kwako wewe hapana sababu hiyo. Usiitafute.

Nasikia sauti yenu nje, mama yako anabishana na bodaboda kuhusu blanketi. Nimalize.

Kesho sitakuja stendi. Mmoja lazima abaki, na mama yako ndiye atakayekusindikiza, amelilia hilo na anastahili. Sisi wawili tutaagana hapa barazani. Bibi atakuwa ameamka, anaamka kabla ya jogoo. Atakuona na mabegi, atakuuliza unakwenda wapi. Najua tumezoea kumwambia dukani, au kisimani, ili asianze kutaka kufuatana na mtu. Kesho usimwambie hivyo. Mshike mikono umwambie ukweli: bibi, nakwenda Mpanda kufanya kazi. Atakubariki, maana hilo halijamtoka. Halafu utainama kufunga begi na atakuuliza tena unakwenda wapi.

Mwambie tena, mama. Hata kama bodaboda anapiga honi.

Baba yako,
Elia